Jiko la makaa ya mawe kwenye nyumba ya zamani: mwongozo kwa wanaohamia Pennsylvania

Kaskazini mashariki mwa Pennsylvania, jimbo la Marekani, kuanzia Scranton na Wilkes-Barre kushuka hadi Hazleton na Pottsville, nyumba nyingi za bei nafuu zilijengwa enzi za migodi. Ukinunua au ukipanga mojawapo, usishangae kukuta sebuleni au kwenye besimenti (chumba cha chini ya nyumba) jiko zito la chuma ambalo bomba lake limeingia kwenye dohani ya matofali. Wazo la kwanza la wengi ni kuliuza kama chuma chakavu. Mimi nakuomba uliache kwanza. Likiwa zima na dohani ikiwa salama, hilo ndilo litakalokuvusha Januari.

Eneo hili limekaa juu ya antrasiti, makaa ya mawe magumu, mazito, yenye kung'aa. Zamani wengi hawakuwa na imani nayo kwa kupasha nyumba joto, kwa sababu yalikataa kushika moto kirahisi. Mwaka 1808 Jesse Fell wa Wilkes-Barre aliyawasha nyumbani kwake juu ya wavu wa chuma unaopitisha hewa kutoka chini, na mambo yakabadilika. Kufikia 1917 migodi ya hapa ilikuwa ikitoa tani zinazokaribia milioni 100 kwa mwaka. Leo imebaki michache, ila makaa bado unayapata: mifuko ya ratili 40, yaani kilo 18 hivi, au tani nzima inayomwagwa na lori uani kwako. Kwa jiko la kulisha kwa mkono, ukubwa unaotumika sana ni ule unaouzwa kwa jina la nut. Ule mdogo, rice, ni wa majiko yanayojilisha kwa mota. Soma maelekezo ya jiko lako kabla hujalipa.

Kwa nini wenyeji hawayaachi majiko haya? Kwanza, moto wake haukatiki. Kuni unazilisha kila baada ya saa chache, lakini antrasiti ukijaza jioni, alfajiri unaamka moto bado mwekundu; jiko zuri hukaa saa 12 na zaidi. Pili, jiko la kulisha kwa mkono halihitaji umeme. Dhoruba ya theluji ikiangusha nyaya, fanesi ya mafuta, yaani tanuri la kupasha nyumba joto, inazima na jirani anajifunika mablanketi, wewe jiko lako linaendelea. Tani moja ya antrasiti ina joto linalokaribia la galoni 180 za mafuta ya kupasha nyumba, kwa hiyo linganisha bei za msimu huo kabla ya kuamua. Halafu kuna joto lenyewe, lile linalotoka kwenye chuma na kuingia mwilini. Anayeijua baridi ya huku haambiwi thamani yake. Sufuria ya maharage juu ya jiko inaiva taratibu wakati watoto wanafanya kazi za shule karibu.

Sasa, sisi tuliokua na jiko la mkaa tuna mazoea ya kuacha. Mkaa wa miti tunaupepea na kuuchokoa ukizubaa. Antrasiti ukiichokoa kutoka juu unaiua, maana majivu yanachanganyika na makaa na kuziba njia ya hewa. Inataka hewa ya chini, na inataka subira.

Washa kwanza vijiti vikavu vya mti mgumu, mlango wa hewa wa chini ukiwa wazi. Vikishakuwa kaa jekundu, tandaza antrasiti kwa beleshi, safu nyembamba. Itatatarika. Isubiri ishike ndipo uongeze nyingine, na nyingine, mpaka makaa yafike usawa wa matofali ya ndani. Makaa machache hayashiki moto wa kudumu. Utaona miali ya buluu ikicheza juu. Hapo punguza hewa. Usiondoke ukaacha mlango wa majivu wazi, kwa sababu moto unaweza kupanda hadi chuma kiive na kupinda.

Kila unapoongeza makaa, acha kona moja ionekane nyekundu. Ukifunika moto wote, gesi hujikusanya juu ya makaa mabichi, na ikipata mwali ghafla inalipuka. Mlango wa jiko unaweza kufunguka na bomba kuchomoka.

Asubuhi na jioni tikisa wavu kwa ule mkono wa chuma, mivuto mifupi ya haraka. Chungulia kwenye trei ya majivu: chembe nyekundu zikianza kudondoka, acha hapo hapo. Ukizidisha unaangusha moto wenyewe, na ukipunguza, majivu yanaukaba ukazimika usiku.

Kuhusu sumu sitapunguza maneno. Sote tumesikia nyumbani habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani, asubuhi ikakutwa imekufa. Gesi ile ile, kaboni monoksidi, hutoka kwenye antrasiti, na haina harufu wala rangi. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mwite fundi wa dohani aipande na kuikagua: viota vya ndege, matofali yaliyoanguka, bomba lililotoboka. Weka ving'ora vya kaboni monoksidi kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na ubonyeze kitufe cha majaribio kila mwezi. Kikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni wote nje ndipo upige 911, namba ya dharura. Siku za vuguvugu za Oktoba na Aprili dohani huvuta kwa unyonge, kwa hiyo ni heri usiwashe kabisa. Na jiko la mkaa la kuchomea nyama libaki nje siku zote, hata umeme ukikatika.

Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kama umenunua, iarifu kampuni ya bima mapema, ili siku ya ajali wasipate sababu ya kukataa kulipa.

Majivu yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta na baraza la mbao, kwani kaa linaweza kubaki hai ndani yake kwa siku kadhaa. Usiyamwage kwenye bustani ya mchicha kama tulivyozoea majivu ya kuni. Haya yana metali nzito kama aseniki. Nyumba yenye mtoto mwenye pumu ifikirie mara mbili, maana vumbi la majivu ni jepesi na linapenya. Na kama nyumba ina hita nyingine inayofanya kazi vizuri, sikushauri ununue jiko jipya la makaa: hewa ukaa yake ni nyingi, salfa pia. Nazungumzia jiko ambalo tayari lipo.

Msimu ukiisha, usilifunge tu ukaondoka. Chomoa bomba, lipige brashi ndani, zoa majivu yote hadi kwenye pembe. Unyevu wa kiangazi ukikutana na salfa iliyobaki kwenye majivu, asidi inakula chuma, na bomba lililokuwa zima Aprili linakuwa na matundu Oktoba.