Kasuku kwa rangi za maji, kwa njia ya Edward Lear

Mwaka 1830 Edward Lear, kijana wa miaka 18, alianza kuwachora kasuku wa bustani ya wanyama ya London wakiwa hai. Wachoraji wengi wa enzi zake walichora ngozi zilizokaushwa. Yeye alimpima ndege huku mtunzaji amemshika. Hadi 1832 alikuwa ametoa picha 42, kila nakala ikichapwa kwa jiwe kisha kupakwa rangi kwa mkono. Sijaona kasuku wengine wa kuchorwa walio hai kama wale. Hapa tutamchora yule mkubwa mwekundu wa Amerika Kusini.

Andaa karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, penseli ngumu ya 2H, brashi ya duara namba 6 na nyingine namba 1, pamoja na gundi ya mgunga, ile inayotoka sana Sudan.

1. Pima. Kama huna ndege, tumia picha nzuri. Pima mdomo, kichwa, bawa na mkia, uandike pembeni mwa karatasi. Lear alijaza pembe za karatasi zake maelezo na majaribio ya rangi. Usiyafute ya kwako.

2. Penseli, kwa mkono mwepesi. Angalia miguu: kasuku ana vidole viwili mbele, viwili nyuma. Mimi mwanzoni niliweka vitatu mbele kama vya kuku, na ndege wangu akawa kama kabandikwa kwenye tawi, hashiki chochote.

3. Manjano kwanza. Hapa ndipo uhai wa picha ulipo, usiharakishe. Paka manjano hafifu mwili mzima, ila uso, ambao ni ngozi nyeupe, na mdomo wa juu. Acha ikauke kabisa. Nyekundu ikiwekwa juu ya karatasi tupu hupoa, huelekea waridi. Juu ya manjano inawaka. Weka nyekundu tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke. Mwanga ni karatasi yenyewe, kwa hiyo panapong'aa pasiguswe.

4. Manyoya. Chukua brashi namba 1, ifute kidogo kwenye kitambaa. Weka kivuli pale unyoya mmoja unapolala juu ya mwenzake, kisha vuta vistari kutoka kwenye uti wa unyoya kwenda ukingoni. Kifuani vichache vinatosha. Kwenye bawa, nyekundu inapopokewa na manjano, na manjano ikapokewa na buluu, chora unyoya mmoja mmoja. Mimi hapo humaliza asubuhi nzima.

5. Jicho. Pete ni ya manjano hafifu, mboni nyeusi. Tia tone la gundi kwenye rangi nyeusi, upake mboni na mdomo wa chini. Zikikauka zitang'aa kama zimelowa. Gundi ikizidi hupasuka.

Tawi mimi huliacha na penseli tu.