Umechanjwa na hukupata homa? Soma kabla hujasema haijashika

Watu wawili wanachomwa chanjo ileile siku ileile, mmoja analala na homa usiku kucha, mwingine anaendelea na mishe zake halafu anaanza wasiwasi ati yake haijashika. Jamani, homa na mkono kuuma sio kipimo. Wapo kibao hawahisi kitu na kingamwili zao (askari ambao mwili unawatengeneza baada ya chanjo) ziko juu tu.

Kinachotofautisha watu ni vingine. Umri kwanza, kinga inachoka kadri unavyozeeka, ndo maana kuna nchi wenye miaka 65 kwenda juu wanapewa chanjo ya mafua yenye nguvu mara 4 ya ile ya kawaida. Wanawake mara nyingi wanatengeneza kingamwili nyingi kuliko wanaume (na maudhi ya sindano wanayapata zaidi, pole zao). Sigara na unene vinashusha. Vinasaba navyo vimo, ila hapo huna la kufanya.

La kufanya ni hili: kabla ya kuchomwa taja dawa zote unazotumia, hasa predinisoloni, methotreksati, dawa za saratani au za waliopandikizwa figo, maana hizo zinabana kinga na chanjo inaweza kushika kidogo, tena zile chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa zinaweza hata kukudhuru. Lakini usije ukaacha dawa mwenyewe, mwachie daktari apange muda. Panado nayo usimeze mapema eti kuzuia homa, kuna watoto walipewa hivyo na kingamwili za baadhi ya chanjo zikashuka. Homa ikikushika kweli, meza.

Sasa kama unataka uhakika, si kila chanjo ina kipimo cha maana, ila ya homa ya ini B ipo na ndo inayoonyesha vizuri jinsi watu tusivyofanana. Watu wazima wenye afya zao wanamaliza dozi 3 na bado kama 5 hadi 10 kwenye kila 100 miili yao haijibu vya kutosha. Wahudumu wa afya na wanaosafishwa figo wapime, mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya mwisho, usikae miaka ndo ukapime maana namba ya kingamwili kwenye damu inashuka yenyewe hata kwa aliyelindwa. Ukipata 10 kwenda juu (kipimo chake ni mIU/mL) uko poa. Chini ya hapo unarudia dozi, wengi wanashika raundi ya pili, na mwili ukigoma tena kujibu upimwe kama huna virusi tayari.

Halafu cheki unapochomwa. Mtu mzima ni begani, hii ya ini ikichomwa takoni inashika vibaya, sindano inaishia kwenye mafuta badala ya msuli.

Na kama uliruka dozi hapo katikati usianze upya, endelea ulipoishia.