Vijana wa Lamu, Ijumaa mkikoga jikagueni makende
Hapa kwetu mwanamume akivimba huko chini jibu liko tayari, ah ni busha hilo, na kweli busha Pwani tunalo sana kwa sababu ya mbu na matende, lakini si kila uvimbe ni busha na hilo ndo linaloniuma, maana kansa ya kende inawashika zaidi vijana wa miaka 15 mpaka 40, watu wana nguvu zao wanavuta tanga, nani atawaza kansa? Rafiki yangu alikaa na kivimbe chake karibu mwaka, hakimuumi hamwambii mtu, amejifunga kikoi tu, mpaka mgongo ulipoanza kumsumbua ndo akaenda kupimwa. Alhamdulillahi yuko hai, lakini ile miezi ya dripu za dawa za kansa sitaki mwingine aipitie.

Sasa fanya hivi. Shika Ijumaa ya kwanza ya mwezi, unapokoga kabla ya kwenda msikitini. Maji yawe vuguvugu, ya baridi yanaukunja mfuko hutashika kitu. Ngozi ikilegea chukua kende moja, gumba juu vidole viwili chini, liviringishe polepole na povu la sabuni, usiminye. Linatakiwa liwe laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Kwa nyuma utagusa kitu kama kikamba laini kimejikunja, hapo wengi hushtuka, lakini hiyo ni njia ya mbegu na kila mtu anayo. Moja kuning'inia chini kuliko mwenzake pia ni kawaida. Halafu hamia la pili.

Unachotafuta ni kitu kigumu kwenye kende lenyewe, hata kikiwa kidogo kama punje ya mbaazi, na mara nyingi hakiumi, kutouma huko ndo kunawadanganya watu. Au kende limekuwa zito, limebadilika ukubwa, au kinena kina maumivu ya chini kwa chini yasiyoisha.

Ukiona hivyo nenda hospitali ya King Fahd hapa Lamu au zahanati iliyo karibu, si kwa mganga, na usimwambie daktari tumbo linauma, mwambie wazi nina uvimbe kwenye kende. Utapigwa picha ya ultrasaundi, ile ile ya wajawazito, na kutolewa damu. Hata wewe mwenye busha omba hiyo picha, maji ya busha yanaweza kuficha kivimbe. Kansa hii ikigunduliwa kabla haijasambaa, zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Lance Armstrong, yule mpanda baiskeli wa Marekani, aliambiwa anayo 1996 akiwa na miaka 25, imeshafika mapafuni na kwenye ubongo, na akapona. Kende lenye ugonjwa hutolewa kupitia kinenani, na lililobaki kwa wengi linatosha, ndoa na watoto, ila kabla ya dawa za kansa muulize daktari habari ya kuhifadhi mbegu.

Na nyinyi kina mama mnaokogesha watoto, wa kiume akifika miezi sita kende halijashuka mpelekeni, hao wakikua hatari yao ni kubwa zaidi.

Ila kende likikuuma ghafla, maumivu makali ya kutapisha, usingoje Ijumaa yoyote, hapo kende huenda limejipinda na una kama masaa sita tu kuliokoa. Ukiwa Faza au Kizingitini tafuta boti usiku huohuo.