Jinsi ya kumwongoza mfanyabiashara mdogo bila kumshikia usukani

Hapa Kisumu ukijitambulisha kuwa kocha, swali la kwanza utakaloulizwa ni unafundisha timu gani, na la pili ni Gor Mahia watafanya nini wikendi. Kwa hiyo sokoni naitwa mwalimu. Kazi yangu ni kuandamana na wenye biashara ndogo mpaka waweze kujiamulia. Mfano wangu hapa utakuwa muuza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, wa soko la Kibuye, maana biashara hiyo ndiyo niliyoikalia zaidi.

Hatua ya 1: Sema mapema wewe ni nani

Mweleze kwamba hutamkopesha, hutamdhamini kwenye chama chake cha kuweka na kukopa, wala hutakuwa mshirika wake. Ukimpa hata shilingi 500, siku mambo yakiharibika atakukwepa, na siku hiyo ndiyo anayokuhitaji. Kubalianeni muda. Mimi huchukua miezi sita, saa moja kila wiki. Na anayokuambia kuhusu pesa zake yasifike kwa mumewe wala kwa jirani wa kibanda.

Hatua ya 2: Kaa kibandani

Usimwite mahali penye meza na viti. Nenda kwake asubuhi, kalia debe lililopinduliwa, nyamaza. Epuka Jumapili, kwani hiyo ndiyo siku kuu ya Kibuye na utamzibia wateja. Tazama nani anakopa, nani anapewa nyongeza kubwa kuliko wenzake, mtoto gani anakuja kuchukua pesa ya unga kutoka mkoba uleule wa mauzo. Akituma pesa kwa simu usiulize papo hapo. Weka akilini tu.

Hatua ya 3: Ahesabu mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo washauri wengi huharakisha. Nunueni daftari la kawaida la shule. Pigeni mistari, mpate sehemu tatu: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, mali iliyokopeshwa. Kalamu ikae mkononi mwake, si mwako.

Tuchukue tarakimu nyepesi. Amenunua gunia kwa shilingi 5,000, limetoa gorogoro 40 (kopo la kupimia sokoni), anauza kila moja 150. Atakwambia, "Mwalimu, 6,000 toa 5,000, nimepata elfu yangu." Usibishe. Muulize gunia lilifikaje sokoni. Boda 200. Kaunti je? Ushuru 150. Na mifuko ya kufungia? 120. Elfu sasa imebaki 530. Kisha muulize nyumbani walikula nini wiki hiyo. Gorogoro mbili zilipikwa, hizo ni 300, amebakiwa na 230. Na waliokopa? Gorogoro tatu, yaani 450. Mpaka walipe, gunia lile limemwacha na upungufu wa 220.

Atanyamaza kidogo. Muache anyamaze. Nimeona watu wakirudia hesabu hiyo mara tatu, wakitafuta nilipokosea, na huo ndio wakati biashara inapoanza kubadilika, kwa sababu jibu limetoka kwake. Kama hajui kuandika, kuna njia. Mama mmoja niliyefanya naye kazi alitumia mikebe mitatu na vijiwe, na hesabu yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Hatua ya 4: Uliza, usiamue

Hili nililijifunza kwa aibu. Muuza karanga mmoja alikuwa akifanya vizuri, nami nikamsukuma afungue kibanda cha pili mtaa wa Kondele. Mtaji uligawanyika mara mbili, akamweka mpwa wake huko, na baada ya miezi miwili vibanda vyote viwili havikuwa na mali ya kutosha. Nilipokwenda kumpa pole alinijibu, "Si wewe ndiye ulisema?" Sikuwa na la kusema.

Siku hizi mtu akiniletea mpango namuuliza: pesa ikipotea, itakuwa imetoka wapi? Karo? Kodi ya nyumba? Ukianza Jumatatu, utafanya nini cha kwanza? Mteja gani hutaki ahamie kwa jirani, na unamfanyia nini? Akijibu vizuri na bado anataka kufungua, afungue. Nitakuja kumtembelea huko.

Hatua ya 5: Jambo moja kwa wiki

Wiki hii kudai madeni, wiki ijayo kujilipa mshahara mdogo badala ya kuchota. Ukimpa matano, hatafanya hata moja.

Hatua ya 6: Jiandaeni kwa Aprili

Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Ajabu ni kwamba kila mwaka wapo wanaoshtuka. Mazungumzo haya yaanze Januari: atakula nini miezi hiyo minne, ataweka akiba ya omena mkavu au atauza kitu kingine? Akiweka akiba, aiweke juu ya mbao, mbali na sakafu. Aprili ni mwezi wa mvua, na omena akishapata unyevu huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Muulize pia kuhusu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Deni lile hutozwa ada kila siku, na msimu wa mauzo haba ndio wengi hulikimbilia.

Hatua ya 7: Jitoe polepole

Katika mwezi wa tano wa kazi yenu onaneni kila baada ya wiki mbili, kisha wa sita mara moja tu. Mkutanishe na mfanyabiashara aliyemtangulia kidogo. Si tajiri wa mjini, bali mtu wa soko hilohilo ambaye mwaka juzi alikuwa na matatizo kama yake.

Muuza omena wangu wa mwisho nilimkuta ameongeza dengu kibandani bila kuniambia. Ulimi uliniwasha nimuulize kwa nini dengu. Nikanunua gorogoro moja ya omena, nikaomba anipunguzie, akakataa.