Jinsi ya Kuwashirikisha Ndugu Picha za Nyumbani na za Safari

Tuliporudi kutoka Lushoto wakati wa likizo ya Desemba, nilimtumia shangazi yangu aishiye Muscat picha 143 kwa mkupuo mmoja, nikiamini kwamba nimemfanyia hisani. Jibu lake lilikuja kesho yake kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, miti nimeiona, na milima nimeiona, lakini watoto wenyewe wako wapi?" Watoto walikuwemo, katika picha ya 61, ya 88 na nyingine chache, ila yeye alichoka kabla ya kuwafikia. Tangu siku hiyo nimebadili namna yangu ya kutuma picha, na utaratibu ninaoueleza hapa umejengwa juu ya jambo moja: picha ya familia huchaguliwa kwa jicho la ndugu ambaye hakuwepo, si kwa jicho la aliyeshika simu.

Kazi huanza wakati wa kupiga. Jua la mchana ndilo linaloharibu picha nyingi za kwetu, kwa sababu hutia kivuli kizito machoni na kuwafanya watu wote wakunje nyuso. Wasogeze chini ya mwembe, barazani au upande wa nyumba wenye kivuli, au subiri saa kumi na moja jioni mwanga unapolainika. Siku ya Idi kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Wanaume wa nyumba nzima wakijipanga na kanzu zao nyeupe, kamera ya simu hudhani kwamba mahali pale pana mwanga kupita kiasi, ikaupunguza, na matokeo yake kanzu hutoka safi huku nyuso zikiwa giza tupu. Gusa uso wa mmojawapo kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kwa alama inayojitokeza pembeni mpaka macho yaonekane. Kanzu zikipauka kidogo si hasara, kwani hakuna atakayeuliza kanzu ilikuwa na darizi gani.

Wala usingoje sherehe. Picha ambazo shangazi huzirudia mara kwa mara si zile za keki na maua, bali ile ya bibi akipeta mchele kwenye ungo mlangoni pa jiko, na ile ya sufuria ya pilau iliyopaliwa makaa juu ya mfuniko, moshi ukipanda taratibu. Aliye mbali na kwao hukumbuka vitu kama hivi, na aliyevizoea havioni. Mara moja kwa wiki pita nyumbani na simu kama mgeni, upige kitu ambacho usingefikiria kukipiga.

Safarini, shida huwa kinyume chake: tunapiga kila kitu. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ina urefu wa takribani kilomita 33 na kona zisizohesabika, na kila kona hudai picha. Ukiwa ndani ya basi, bandika simu karibu kabisa na kioo cha dirisha ili usipige taswira ya shati lako mwenyewe, na ukubali kwamba nyingi zitatoka na ukungu. Ukifika Irente, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mazinde inaonekana chini kabisa, piga mandhari mara moja, halafu mweke mtu mbele yake. Mandhari matupu ya mahali maarufu yamekwisha kupigwa na maelfu ya watu wenye kamera bora kuliko yako, lakini mwanao akiwa amekumbatia miguu ya babu yake kwa hofu ya lile shimo, picha hiyo hakuna mwingine aliye nayo.

Watu usiowajua wana haki ya kuombwa. Salamu huja kwanza, kisha ombi: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha na ndizi zako." Akikataa, shukuru uondoke. Akikubali, nunua walau chana moja, kwa sababu umemsimamisha kazini. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na askari walio kazini usivielekezee kamera hata kwa utani; simu nyingi zimechukuliwa kwa kosa ambalo mwenyewe alidhani ni kumbukumbu tu.

Baada ya kupiga huja kuchagua, na hapa ndipo wengi hushindwa kwa uvivu. Fanya kazi hii siku ileile jioni, kwa sababu ukiiacha mpaka urudi nyumbani hutaifanya. Pita mara ya kwanza ukifuta zilizotikisika na zilizojirudia, kisha pita mara ya pili ukijiuliza juu ya kila moja kama shangazi angeisimamia kwa sekunde tano. Kwa safari ya wiki moja mimi hujiwekea kikomo cha picha 12, na kikomo hicho kinauma, jambo ambalo ni zuri. Zipange kwa mfuatano wa safari yenyewe, kuanzia mizigo inapofungwa hadi viatu vyenye tope vilivyopangwa mlangoni siku ya kurudi, ili anayetazama asafiri nawe.

Sasa maelezo. Wazee wetu walipokwenda studio walikuwa na adabu moja ambayo sisi tumeipoteza: picha iligeuzwa, na nyuma yake ikaandikwa kwa kalamu ya wino nani yumo, wapi, lini, na imetolewa kwa nani. Mama yangu anayo moja, ndogo kama kiganja, yenye wasichana wanne mbele ya pazia lililochorwa minazi, na mgongoni imeandikwa: "Kumbukumbu kwa dada yangu mpenzi, Idi ya pili, Tanga 1974. Usinisahau." Maneno kumi na moja ya aina hiyo yameiokoa picha, kwani bila hayo ingekuwa wasichana wanne tu. Linganisha na yale tunayoyaandika leo chini ya picha, "Safarini" au "Familia kwanza", ambayo miaka ishirini ijayo hayatamsaidia mtu yeyote.

Andika sentensi mbili kamili. Badala ya "Lushoto raha", andika: "Babu na mjukuu wake wa pili, Irente, tarehe 26 Desemba asubuhi. Mtoto alikuwa amekataa kusogea mpaka babu akamwambia kwamba yeye ndiye anayeogopa na anahitaji kushikwa." Sentensi ya kwanza ni ya kumbukumbu, ya pili ni ya roho. Taja watu kwa majina au kwa udugu wao, kuanzia kushoto kwenda kulia, na usijidanganye kwamba kila mtu anawajua, maana hata wajomba huchanganya mapacha.

Tarehe nayo iandike wewe mwenyewe, kwa sababu simu haitakuandikia milele. Picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa zake za ndani, ikiwamo siku iliyopigwa, na kwenye simu nyingi za Android huhifadhiwa kwa jina kama IMG-20231229-WA0031, ambamo zile tarakimu ni tarehe ya kupokelewa. Nimewahi kubishana na kaka yangu juu ya mwaka wa harusi ya binamu yetu kwa kutegemea jina la faili, nikawa nimekosea miaka mitatu.

Kabla ya kutuma, tazama tena kila picha, safari hii ukiangalia pembeni na nyuma badala ya katikati. Beji ya shule kwenye sweta la mtoto inamwambia mtu baki mahali pa kumpata kila siku ya wiki. Tiketi iliyoshikwa kwa furaha ina jina kamili na namba. Ukurasa wa pasipoti haupaswi kuonekana kabisa. Kata kingo za picha au chagua nyingine. Zile za stetasi hutoweka baada ya saa 24, lakini nakala iliyopigwa na mtazamaji haitoweki, kwa hiyo usiitumie stetasi kama mahali pa siri. Picha za safari ninazoziweka mbele ya watu wengi huziweka baada ya kurudi, kwa kuwa sioni sababu ya kuwatangazia watu wote wenye namba yangu kwamba nyumba iko tupu.

Yako mambo mengine ambayo si ya usalama bali ya heshima, nayo kwetu ni mazito zaidi. Katika harusi za pwani, ukumbi wa wanawake ni wa wanawake. Waliomo wamevua mabuibui kwa kuaminiana, na ndiyo maana siku hizi wenye shughuli wengi huzuia simu mlangoni. Picha iliyotoka humo ikafika kwenye kundi la ukoo lenye wanaume imevunja amana, hata kama aliyeituma alitaka kuonyesha nguo yake tu. Mtoto mchanga ni wa wazazi wake: familia nyingi husubiri arobaini ipite ndipo zimwonyeshe, na shangazi wa baba asiwatangulie. Mgonjwa kitandani na maiti usiwapige kabisa, isipokuwa wenyewe wa karibu wameomba kwa sababu yao. Na watoto waliokwisha kupata akili waulizwe. Mwanangu wa miaka tisa alikataa picha yake akiwa amelala mdomo wazi, nikaifuta ingawa ilikuwa nzuri kuliko zote.

Ikiwa anayetaka kuitumia picha ni shule au mpiga picha wa harusi anayetafuta wateja, hapo si heshima pekee inayohusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Unayo haki ya kuuliza picha itatumika wapi, na ya kusema hapana.

Namna ya kutuma itegemee anayepokea. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili iwe nyepesi, na kwa kutazama kwenye simu hiyo inatosha kabisa, tena inamwokolea bando ndugu anayenunua megabaiti kwa shida. Tangu mwaka 2023 pana kitufe cha HD kwa anayetaka ubora zaidi. Iwapo binamu anataka kuisafisha picha na kuitundika ukutani, mtumie kama hati ("Document"), kwani hapo faili husafiri jinsi lilivyo. Ila ujue kwamba taarifa za mahali ilipopigwa nazo husafiri humo, kwa hiyo njia hii ni ya watu wa nyumbani. Wenye iPhone wachunge jambo moja zaidi: tangu 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao baadhi ya simu za zamani hushindwa kuufungua, na dawa yake ni kubadili muundo kuwa JPEG kwenye mipangilio ya kamera.

Kundi la ukoo nalo lina mipaka yake. Picha ya matembezi ya Pangani ikitua katikati ya matangazo ya michango ya msiba inaonekana kama dharau, hata kama hukukusudia. Mimi nimefungua kundi dogo la watu wanane, la picha tu, na nimewaomba wasitume salamu za asubuhi humo. Wawili wamekaidi.

Na bibi mwenye simu ya kitochi? Yeye ndiye anayestahili kuliko wote, na ndiye anayesahauliwa. Mchapishie. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, picha yenye pikseli 1,200 kwa 1,800 hutoka safi, hivyo peleka faili halisi kwa msafishaji, si ile iliyopitia makundi matatu. Andika nyuma kwa kalamu isiyokandamiza, subiri wino ukauke, tia katika bahasha ngumu, umkabidhi kondakta wa basi la kwenda kwao. Chapa sita kila baada ya miezi mitatu zinatosha. Bibi yetu huzipanga chini ya kioo cha meza, na mgeni akikaa huanza kuonyeshwa moja moja.

Zilizobaki zihifadhi mahali pawili au patatu, mojawapo pakiwa nje ya nyumba yako. Nafasi ya bure ya akaunti ya Google ni GB 15, nayo hugawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili mengine, kwa hiyo itajaa. Flashi au diski ya nje iliyoachwa kwa dada yako ni nyongeza nzuri. Simu pekee si hifadhi. Huibiwa, na hutumbukia ndooni.

Ukishaizoea kazi hii utataka kuzirudia picha za zamani. Zitoe katika mifuko ya plastiki ya albamu, uziweke juu ya meza karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua moja kwa moja, uzime taa ya kamera, na ushike simu sambamba na picha ili kingo zisipinde. Iliyonata kwenye albamu ya gundi usiibandue kwa nguvu. Ipige ikiwa palepale. Utaona kwamba zile za rangi za miaka ya 1970 mara nyingi zimegeuka wekundu, huku za studio za rangi nyeusi na nyeupe zikiwa bado imara. Piga na mgongo pia, hata kama pana muhuri wa studio tu.

Ile ya wasichana wanne niliipiga hivyo, pande zote mbili, nikamtumia shangazi bila kuongeza neno. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, nami niliandika majina kadiri alivyoyataja: wa kwanza kushoto ni mama, anayefuata ni yeye mwenyewe akiwa na viatu vya kuazima, na wa mwisho ni jirani yao wa barabara ya kumi na mbili. Wa tatu hamkumbuki. Picha sasa imekwenda Mombasa kwa mama mkubwa, na tunasubiri.