Mbolea ya kukuzia inakuza nini?

Mwaka juzi, mwezi wa nane, mama mmoja mwenye bustani ya umwagiliaji kule tambarare, chini ya mji wa Moshi, alinipigia simu. "Bwana shamba mwanangu, njoo uone nyanya zangu zilivyokua." Nikaenda. Shikamoo, marahaba, tukaingia moja kwa moja matutani. Nyanya zilinifika kifuani. Mashina manene kama kidole gumba, majani ya kijani kilichokolea, yamejikunja. Nikafunua majani ya kati kutafuta matunda. Mche wa kwanza ulikuwa na nyanya mbili, kila moja kama gololi. Wa pili ulikuwa na vikonyo vitupu. Maua yake yalikuwa yamelala chini kwenye tuta.

Alikuwa ameweka yurea mara tatu. Alisikia ni mbolea ya kukuzia, na yeye alitaka nyanya zikue.

Na kweli zilikuwa zimekua. Shida ni kwamba neno hili tunalibebesha mizigo mingi kwa wakati mmoja. Mbegu inaota, mche unamea, shina linarefuka na kunenepa, majani yanastawi, kisha mmea unachanua, unazaa, matunda yanakomaa. Wakulima tunayajua maneno haya yote na kila moja lina kazi yake. Tukifika kwenye duka la pembejeo, yote tunayafunga kwenye neno moja, kukuzia, na hapo ndipo pesa inapotupotea.

Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Naitrojeni inajenga majani, mashina na ule ukijani wenyewe. Nyanya inayopata naitrojeni nyingi na maji ya kutosha haina haraka ya kuzaa, inaendelea kujitanua. Sukari inayotengenezwa na majani ni ya ghala moja, na mizizi, machipukizi na matunda yote yanagombea humo. Ukilisha upande mmoja kupita kiasi, mwingine unalala njaa. Yule mama nilimshauri asimamishe yurea, apunguze machipukizi ya pembeni, apunguze maji kidogo, na maua mapya yakianza kushika aweke mbolea yenye potasiamu. Alivuna, ila kwa kuchelewa, na bei ya mwanzo ilikuwa imeshampita.

Mahindi yananiumiza zaidi, kwa sababu ni ya kila mtu. Chukua mhindi mmoja ukiwa na majani matano hivi, uung'oe, upasue shina kwa kisu kuanzia juu hadi kwenye mizizi. Utashangaa: juu ya ardhi hakuna shina la kweli bado, ni majani yamekunjana tu. Kiini chenyewe kinachokua, kidogo kama kichwa cha kiberiti, bado kiko chini ya udongo. Ndiyo maana mahindi machanga yakiliwa majani yanaweza kuinuka tena. Yakikaribia goti, kiini kimeshapanda juu, na huko ndani mmea unaanza kupanga gunzi litakuwa na mistari mingapi ya punje. Huo ndio wakati wa kukuzia. Palilia kwanza, subiri udongo uwe na unyevu, weka mbolea pembeni mwa shina na uifukie, kwa kuwa yurea ikiachwa juu ya udongo sehemu yake inageuka hewa na kuondoka. Anayengoja hadi mbelewele, yale maua ya kileleni, zitoke analisha mmea uliokwisha kupanga gunzi lake.

Mbelewele zikishatoka, mhindi haurefuki tena. Watu wengi huona umemaliza kukua, na hapo ndipo panga linaingia shambani kukata majani ya ng'ombe. Naelewa, maana huku milimani ng'ombe wanafugwa bandani na majani ya kuwalisha ni ya kutafuta. Lakini kipindi hicho ndicho punje zinajaa. Ni ukuaji usioonekana kwa macho, wa uzito peke yake, na chakula chake kinatoka hasa kwenye majani ya jirani na gunzi na yaliyo juu yake. Ukiyakata mabichi, unamlisha ng'ombe punje zako mwenyewe. Chukua yale ya chini yanayoanza kukauka, mengine yaache. Kujua kama punje imemaliza, ibandue kwenye gunzi uangalie kitako chake: ukiona alama nyeusi, imekomaa, na hata kama ina maji mengi haitaongeza uzito. Kuanzia hapo kata hata shina zima.

Miche ya kitaluni nitaigusa kwa haraka. Mnunuzi akiona mche mrefu anadhani umekua. Mche mrefu, mwembamba na uliopauka umebanwa au umekosa mwanga, na unachofanya ni kuutafuta. Nunua mfupi, wenye shina nene na majani ya kijani.

Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, naye hivyo hivyo. Ndama hujenga mifupa kwanza, kisha nyama, mafuta huja mwisho. Kwa hiyo unene pekee haukuambii kama amekua. Ng'ombe wa maziwa ambao wakikomaa hufikia kilo 450, mtamba wao asipandishwe kabla ya kilo 270 hivi, yaani kama asilimia 60 ya uzito wa mama zake. Akipandishwa mapema, nyonga haijapanuka, kuzaa kunakuwa kwa taabu, na mwili unagawana chakula kati ya kumjenga yeye na kumjenga ndama.

Sasa kahawa, na hapa naomba utulivu, maana kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani la kahawa na migomba, ndiko neno hili linapogeuka kabisa. Vihamba vyetu vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vimekuwa vipande. Shamba halina pa kukulia tena kwa upana, hivyo lazima likue kwa kila shina la mbuni, yaani mti wa kahawa.

Mti haurefuki kila mahali. Msumari uliopigilia kwenye mgrivea wa mpakani usawa wa kifua, baada ya miaka kumi utaukuta usawa uleule, umemezwa tu na gome. Urefu unaongezeka kwenye ncha. Hata ule mti uliotangazwa mwaka 2016, katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro, kuwa mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mita 81.5, umefika huko kwa ncha zake. Mbuni ni hivyo hivyo, na ncha zake ndizo zinazobeba mavuno.

Shika tawi moja la pembeni, ulisome kuanzia shinani. Sehemu ya ndani ina gome la kijivu, haina majani: hiyo ilishazaa, na kwa kawaida haizai tena. Sehemu ya kati ni ya kahawia, na kwenye kila kifundo kuna kichala cha matunda: hayo ni mavuno ya sasa. Mbele kabisa ni kijani, majani yamesimama mawili mawili, hakuna tunda hata moja. Hicho kijiti kichanga ndicho kitakachochanua msimu ujao. Miaka mitatu imelala kwenye tawi moja.

Kwa hiyo mwaka ambao mbuni umebeba kupita kiasi, angalia ncha. Utazikuta fupi, pengine zimekauka, kwa sababu matunda yamekomba ghala. Mwaka unaofuata utapata debe moja ulipopata matatu, na utalaumu mvua. Hapa naitrojeni ileile iliyomponza mama wa nyanya ndiyo tiba: jani na kijiti cha leo ndiyo kahawa ya kesho. Igawe mara mbili au tatu ndani ya masika, usiimwage yote kwa siku moja, na samadi iwepo chini yake. Baada ya mavuno pogolea matawi yaliyochoka, ng'oa maotea, yale machipukizi yanayoota shinani, yote isipokuwa unayoyalea yawe mashina mapya, punguza kivuli cha migomba palipo na giza. Kama mibuni yako ni ya zamani na chule buni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa mabichi, inaisumbua kila mwaka, uliza miche ya aina chotara zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Lyamungu, zinazostahimili chule buni na kutu ya majani.

Kabla masika haijaanza, chagua mibuni kumi, na kwenye kila mmoja funga uzi mwekundu kwenye ncha za matawi manne, mbele ya jani la mwisho kabisa lililofunguka. Maua yakikaribia, hesabu vifundo vilivyoongezeka kutoka kwenye uzi hadi ncha, uandike kwenye daftari kwa kila mbuni. Nikipita nitaomba daftari hilo kwanza, kabla hatujaingia kihambani.