Jinsi ya kupima kama kampuni ya intaneti inabana torenti zako nyumbani

Wateja wa faiba na wa antena za mtaani hapa Kisumu, kuanzia Milimani mpaka Mamboleo, huniletea lalamiko moja kuliko yote: YouTube inacheza vizuri, simu ya WhatsApp haikatiki, lakini torenti inatambaa. Wengi huwa wameshakata kauli kwamba kampuni inawabana, yaani inapunguza kasi ya torenti kwa makusudi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni ruta, au ni majirani wengi mno kwenye antena moja, au faili yenyewe haina watu wa kuigawa. Ukipiga simu bila ushahidi utaambiwa uzime ruta na kuiwasha tena, na mazungumzo yataishia hapo. Hatua zilizo hapa chini zitakupa vipimo ambavyo haviwezi kujibiwa hivyo.

Torenti, au BitTorrent, ni njia ya kusafirisha faili ambamo wenye faili hiyo huwagawia wengine vipande vyake kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ilibuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, na kuitumia si kosa. Ubuntu, Debian na LibreOffice hutoa torenti rasmi. Kiwix hutoa Wikipedia nzima kwa njia hiyo, na shule isiyo na intaneti ya kutegemewa inaweza kuiweka kwenye kompyuta moja na wanafunzi wote wakaisoma. Kunakili filamu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, uwe umetumia torenti au flashi. Kampuni inayobana njia nzima humuumiza mwalimu wa kompyuta ambaye hajamwibia mtu chochote, na ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Kubanwa hufanyikaje?

Muunganisho wa BitTorrent usiofichwa hujitambulisha wenyewe. Baiti ya kwanza ni namba 19, na baada yake hufuata herufi 19, ukihesabu na nafasi: "BitTorrent protocol". Kifaa cha kukagua pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo, kikiona maneno hayo kinaweza kuupeleka mtiririko huo kwenye foleni yenye kasi ndogo, huku mengine yote yakipita. Ni kama mizani ya Gilgil: lori linaingizwa kando, gari dogo linaendelea na safari.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Marekani. Mwaka 2007 Robb Topolski, mpenzi wa nyimbo za kale za kwaya ya watu wanne, aliona kwamba hawezi kuwagawia wenzake rekodi zake. Aligundua kuwa Comcast ilikuwa ikituma pakiti bandia za kukata muunganisho, zikijifanya zimetoka kwa kompyuta ya upande wa pili. Oktoba mwaka huo shirika la habari la Associated Press lilirudia majaribio na kupata matokeo hayo hayo. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua dhidi ya kampuni hiyo. Uamuzi ulibatilishwa mahakamani Aprili 2010, kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kuutoa. Lakini ushahidi wa kiufundi haukuanguka, na ulianza na mteja mmoja aliyepima kwa makini akiwa nyumbani.

Hatua ya 1: Iondoe Wi-Fi

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa Ethaneti. Zima Wi-Fi kwenye kompyuta hiyo, na uwaombe watu wa nyumbani wapumzishe TV na simu kwa muda. Katika majengo ya ghorofa ya Kondele au Section 58 kule Nakuru, masafa ya 2.4 GHz yamejaa ruta za majirani, kwa hiyo kipimo kilichofanywa kwa Wi-Fi hakithibitishi lolote.

Pia jua unasoma nini. Kifurushi huuzwa kwa megabiti (Mbps), ilhali programu ya torenti huonyesha megabaiti (MB/s). Gawanya kwa 8. Kifurushi cha Mbps 20 kikifanya kazi kikamilifu kitakupa MB/s 2.5, na faili ya GB 6 itachukua kama dakika 40. Wapo wanaoona 2.5 kwenye skrini wakadhani wamelaghaiwa, kumbe wanapata kila walicholipia.

Hatua ya 2: Soma masharti ya kifurushi

Tafuta kipengele cha "matumizi ya haki". Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kiwango cha GB kwa mwezi, na ukikipita kasi hushuka kwa kila kitu, si kwa torenti peke yake. Kama umeshakipita mwezi huu, acha kupima mpaka malipo mapya yaanze.

Hatua ya 3: Chagua faili na seva sahihi

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika.

Tumia torenti rasmi ya toleo la sasa la Ubuntu la kompyuta ya mezani. Ni kubwa, ina wagawaji wengi duniani kote, na ni halali. Uzuri wake mwingine ni kwamba faili ile ile inapatikana pia kwa kupakua kawaida kupitia kivinjari. Sasa una mzigo mmoja na njia mbili za kuusafirisha, na tofauti kati ya njia hizo ndiyo tunayoitafuta.

Ukifika kwenye upakuaji wa kawaida, usichague seva iliyo Nairobi. Google na makampuni mengine makubwa ya video huweka nakala za maudhui yao humu nchini, na makampuni ya intaneti hubadilishana data ya ndani kupitia KIXP, kituo cha humu nchini cha kuunganisha mitandao yao. Video ikicheza bila kusita inaonyesha tu kwamba njia ya kutoka nyumbani kwako mpaka Nairobi iko sawa. Programu za kupima kasi nazo hujichagulia seva ya karibu. Lakini wagawaji wa torenti yako wengi wako Ulaya, Asia na Amerika, kwa hiyo data yao hupita kwenye nyaya za chini ya bahari zinazofika Mombasa. Kampuni iliyonunua nafasi ndogo kwenye nyaya hizo itakuonyesha kasi nzuri ya Nairobi huku kila kitu cha nje kikisuasua. Hilo ni tatizo, ila si ubaguzi dhidi ya torenti. Chagua seva ya Ujerumani au Uingereza ili njia zote mbili zivuke bahari.

Hatua ya 4: Iandae programu ya torenti

Natumia qBittorrent kwa sababu ni ya bure, haina matangazo, na mipangilio yake iko wazi. Kabla ya kupima, rekebisha mambo mawili.

Weka kikomo cha kasi ya kupakia (kutuma data kutoka kwako), kama asilimia 70 ya kasi ya kupakia uliyonayo. Upakiaji ukijaa, hata zile pakiti ndogo za kuthibitisha kwamba data imefika hukwama kwenye foleni, na upakuaji nao hushuka. Kwenye huduma za antena, ambako kupakia mara nyingi ni kudogo kuliko kupakua, kosa hili huonekana kabisa kama kubanwa na kampuni.

Kisha punguza idadi ya miunganisho. qBittorrent huja ikiwa imeruhusu 500 kwa jumla. Ruta za bei nafuu huzidiwa kabla ya kufika hapo, kwa hiyo anza na 150.

Angalia pia anwani ya IP ya upande wa nje kwenye ukurasa wa ruta yako. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, wewe na wateja wengine mnatumia anwani moja ya umma. Watu wa nje hawawezi kuanzisha muunganisho kuja kwako, ni wewe tu unayeweza kuwatafuta. Kupakua faili yenye wagawaji wengi hakutaathirika sana, ila kugawa kutakuwa kwa shida. Hali hii ni ya kawaida sana kwa watoa huduma wadogo, na chanzo chake ni uhaba wa anwani za IPv4, zile za mfumo wa zamani wa IP. Unaweza kuomba anwani ya umma, mara nyingi kwa malipo ya ziada.

Hatua ya 5: Pima kwa kupokezana

Usipime torenti leo na upakuaji wa kawaida kesho. Fanya vyote kwa mfululizo, ndani ya saa mbili, kwa zamu:

1. Pakua faili kwa kivinjari kwa dakika kumi. Andika wastani wa kasi.
2. Simamisha. Anzisha torenti, iache dakika tano itafute wenzake, kisha andika wastani wa dakika kumi zinazofuata.
3. Rudia zote mbili.
4. Kwenye mipangilio ya qBittorrent, badilisha usimbaji fiche (kuficha data ili wa njiani asiisome) kutoka kuruhusiwa hadi kulazimishwa. Pima torenti tena.
5. Washa VPN (huduma inayopitisha data yako yote ikiwa imefichwa hadi kwenye seva yake) ya kulipia unayoiamini. Pima torenti, kisha pima kivinjari.

Usitumie VPN ya bure, nyingi zina kikomo chao cha kasi. Kipimo cha mwisho, cha kivinjari ndani ya VPN, watu hukiruka na ndicho kinacholinda hoja yako: kinaonyesha kama VPN yenyewe imebadilisha kasi.

Sasa soma matokeo. Kivinjari kikiwa na kasi na torenti ikiwa polepole, halafu torenti ikapanda mara tu ulipolazimisha usimbaji fiche, kuna kifaa njiani kinachosoma maneno ya mwanzo wa muunganisho. Isipopanda hapo lakini ikapanda ndani ya VPN, kifaa hicho huenda kinatambua tabia ya torenti, yaani miunganisho mingi kwenda anwani nyingi kwa pamoja. Huenda pia kampuni imewekea kila mteja kikomo cha miunganisho, jambo ambalo VPN hulificha kwa kupitisha kila kitu ndani ya muunganisho mmoja. Yote mawili yana uzito, na yote mawili yafaa kuulizwa.

Vyote vikiwa polepole, pamoja na kivinjari, acha kulaumu ubaguzi. Una msongamano. Na kama ndani ya VPN hata kivinjari kimeongeza kasi, basi VPN imekupatia njia bora ya kutoka nje ya nchi, na hoja ya torenti imekosa nguvu.

Jambo moja la kuangalia: kulazimisha usimbaji fiche hupunguza wenzako, kwa kuwa si kila programu inaukubali. Kasi ikishuka baada ya badiliko hilo, usitoe uamuzi wowote.

Hatua ya 6: Badilisha saa

Rudia hatua ya 5 saa kumi na moja alfajiri, kisha saa tatu usiku, kwa siku kadhaa. Msongamano wa mtaa hushusha torenti na kivinjari pamoja usiku. Torenti ikianguka peke yake kila jioni kwa saa ile ile, na kurejea yenyewe baadaye, huo ni mpangilio uliowekwa na mtu.

Hatua ya 7: Kama tatizo ni kugawa tu

Hii ni kwa walio na subira. Mwombe rafiki aliye Nakuru au Kakamega, mteja wa kampuni nyingine, apakue kutoka kwako faili uliyoitengeneza mwenyewe. Nyote muwe mmewasha Wireshark, programu ya kurekodi pakiti zinazopita. Muunganisho ukikatika, tafuteni pakiti zenye alama ya RST, yaani amri ya kukata muunganisho. Yako ikionyesha kwamba RST imetoka kwa rafiki, na yake ikionyesha kwamba haikuituma, pakiti hiyo imetungwa njiani. Angalieni ruta zenu kwanza, kwani nazo zinaweza kukata miunganisho. Kumbukeni pia kwamba angalau mmoja wenu lazima awe na anwani ya umma na mlango wazi (port iliyofunguliwa kwenye ruta), la sivyo hamtaunganika kabisa.

Hatua ya 8: Andika, usipige simu

Tuma barua pepe, ambatisha picha za skrini zenye tarehe na saa. Unaweza kuanza hivi:

"Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja. Mimi ni mteja wenu, akaunti namba (weka namba). Nimepima kwa waya, faili moja, ndani ya saa mbili, kwa siku hizi (taja tarehe). Kwa kivinjari nimepata MB/s (weka), kwa torenti MB/s (weka), kwa torenti ndani ya VPN MB/s (weka), na kwa kivinjari ndani ya VPN MB/s (weka). Naomba mnijibu kwa maandishi: je, mnapunguza kasi ya BitTorrent au kuweka kikomo cha idadi ya miunganisho? Kama ndiyo, ni saa ngapi, kwa kiwango gani, na ni kipengele gani cha mkataba kinachosema hivyo?"

Swali la mwisho ndilo lenye nguvu. Kanuni za Kulinda Watumiaji za mwaka 2010, zilizo chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, zinampa mteja haki ya kupata maelezo wazi na kamili kuhusu bei na masharti ya huduma. Kampuni inaweza kuwa na sababu ya kusimamia mtandao wake saa za msongamano, hasa ndogo inayogawa laini moja kwa mtaa mzima. Kumficha mteja ndilo kosa. Wasipojibu, au wakikujibu kwa maneno ya jumla, peleka barua hiyo hiyo pamoja na majibu yao kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mamlaka hupokea malalamiko baada ya mteja kumwendea kwanza mtoa huduma, kwa hiyo tunza tarehe ya barua ya kwanza.

Wakati unasubiri, panga qBittorrent ipakue usiku wa manane kwa kutumia ratiba yake, acha usimbaji fiche ukiwa umewashwa kama ulikusaidia, na kwa faili zinazopatikana pia kwa kivinjari, tumia kivinjari.